Tunda lako mwenyewe la jamii ya chungwa: uchavushe, uwinde tawi geni, au upeleke macho ya mti kwenye mionzi?

Shemeji yangu ana kama nusu ekari pale Muheza, michungwa ya marehemu babu yake, mingi imezeeka inakauka kuanzia juu, na kila msimu machungwa yakijaa sokoni bei inaanguka mpaka unaona bora yaoze mtini kuliko kulipa vibarua wa kuchuma. Kabla mvua hazijaanza alinipigia simu na wazo. "Shem, mi nataka tunda langu mwenyewe, tunda mtu akiliona anasimama anauliza hiki nini, nauza moja moja sio kwa tenga." Kumbe kaona video za watu wenye limau la nyama ya pinki, ndimu ndefu kama kidole yenye punje punje kama mayai ya samaki, sitroni (ndugu wa limau, ganda nene) yenye vidole kama mkono wa mtu, sasa anaamini na yeye anaweza kutoa kitu chake. Na kwakweli anaweza, ila njia ziko kama tatu na kila moja ina mtu wake, ukishika isiyo yako utakaa miaka 10 unamwagilia miba.

Mi hivi vitu navichezea nyuma ya nyumba toka 2013, nimefeli mara nyingi kuliko nilivyopatia, kwaiyo nimeamua kumuandikia yote kwa urefu, na wewe mwenye wazo kama lake soma humo humo.

Kwanza ujue kuchanganya sio uchawi. Chungwa lenyewe ni mchanganyiko, lina damu ya furungu na damu ya chenza. Danzi, lile chungwa chungu, nalo ni furungu na chenza ila ndoa nyingine. Limau ni mtoto wa danzi na sitroni. Balungi, lile wengine wanaita grepfruti, lilitokea Barbados karne ya 18, furungu likakutana na chungwa bila kuombwa na mtu. Miti inachanganyika yenyewe toka zamani, tofauti ni kwamba we unataka kusimamia harusi.

Kuchavusha kwa mkono

Hii ndo kila mtu anaiwaza, chukua chavua ya huyu mpake yule, subiri tunda, panda mbegu, basi. Na ndo iliyotoa matunda mengi yenye majina. Minneola, lile lenye kichuchu kwenye kikonyo, ni balungi na chenza la Dancy, Wizara ya Kilimo ya Marekani ililitoa rasmi huko Florida mwaka 1931. Huko huko Florida Walter Swingle mwaka 1909 alichanganya ndimu na kumkwati (kichungwa kidogo kinacholiwa na ganda) akapata limkwati, kitunda kidogo kichachu unakitafuna na ganda lake. Ukiangalia hivo unaona rahisi.

Sasa mtego uko hapa na usipouelewa usianze kabisa. Mbegu nyingi za jamii ya chungwa zinadanganya. Ndani ya mbegu moja kunakuwa na vimche kadhaa, mmoja ndo mtoto wa kweli wa baba na mama, wengine wote wameota kutoka kwenye nyama ya mama mwenyewe, ni kopi yake tupu, na hizo kopi mara nyingi zina nguvu kuliko mtoto wa kweli zinamsonga hata haoti. Wakulima wetu wanaifaidi hiyo tabia bila kuiita jina, wanapanda mbegu za limau kali ili wapate mashina ya kubebeshea (yaani kuunganishia jicho, chipukizi changa la mti mwingine) na miche inatoka inafanana kama wanafunzi wa sare, safi kabisa kwa kitalu. Kwa mtu anayetaka kitu kipya ni balaa.

Mi nilipigwa hapo. 2014 nilipaka chavua ya furungu kwenye maua ya chenza la nyumbani, nikapata mbegu 38, zikaota miche zaidi ya 50 maana kuna mbegu zilitoa miche miwili na mingine mitatu, nikafurahi nikasema Mungu kanibariki. Nikaitunza miaka 7. Mti wa kwanza kuzaa, chenza lile lile. Wa pili, chenza lile lile. Nilipofika wa tano nikachukua panga.

Dawa yake ni kuchagua mama kabla ya kitu kingine chochote. Unataka mama ambaye mbegu yake moja inabeba mtoto mmoja, na huyo mtoto ni wa kuchanganyika kweli. Furungu ni hivo, ukoo mzima wa mafurungu uko hivo. Sitroni pia, na lile chenza dogo la klementini. Ndimu, limau kali, danzi, balungi, machungwa mengi na machenza mengi sio, hao waweke upande wa baba. Huna uhakika na mti ulionao? Chukua mbegu 20 za tunda lake, vua lile ganda la nje, otesha kwenye mchanga wenye unyevu, ukiona mbegu moja inatoa vichwa viwili vitatu jua huyo mama atakudanganya. Wiki tatu nne unapata jibu na hujapoteza hata shilingi.

Na sio kila mti unafaa kuwa baba. Chungwa la kitovu halina chavua ya maana, ukilipaka mahali unapaka hewa. Ile ndimu kubwa isiyo na mbegu nayo ni hivo hivo, ina seti tatu za kromosomu (zile nyuzi za urithi) badala ya mbili, hazigawanyiki vizuri, kwaiyo sio baba na sio mama.

Furungu lina uzuri mwingine, mara nyingi linakataa chavua yake lenyewe, alafu ua lake ni kubwa hata mtu mwenye vidole kama vya kwangu anafanya kazi. Unachagua ua ambalo halijafunguka lakini limevimba, la kufunguka kesho. Unatoa petali, unang'oa vile vijiti vyote vyenye vichwa vya njano kabla havijapasuka, unabaki na kile kinundu cha katikati. Kikishaanza kunata unapaka chavua ya baba kwa brashi ndogo au unachukua ua zima la baba unasugua, alafu unafunga kifuko cha kitambaa chepesi nyuki wasije wakaleta chavua ya jirani. Andika tarehe na jina la baba kwenye kikaratasi cha plastiki, usiseme utakumbuka, hutakumbuka. Maua mengi yatadondoka, ni kawaida. Tunda likikomaa toa mbegu upande siku hiyo hiyo au kesho yake, mbegu za chungwa zikikauka zinakufa, hii sio mahindi ya kuhifadhi darini.

Baada ya hapo ndo uvumilivu. Mche wa mbegu una utoto mrefu, miba kama sindano, miaka 5 mpaka 8 bila ua na wengine zaidi. Kuna watu wanabebesha macho ya kilele cha mche kwenye tawi la mti mkubwa ili kuuharakisha, haifuti utoto ila inasaidia kidogo, na faida yake kubwa mi naona ni nafasi, mti mmoja mzee unaweza kubeba watoto kumi tofauti kwenye matawi yake badala ya kujaza shamba. Shemeji na ile michungwa yake ya babu amekalia mali bila kujua.

Sasa wakubwa wenyewe imewachukua muda gani? Japani walichanganya chenza la satsuma na chungwa mwaka 1949, tunda likaitwa Kiyomi, likasajiliwa 1979. Miaka 30! Chuo Kikuu cha California pale Riverside walifanya ndoa ya furungu lisilo na uchachu na balungi mwaka 1958, tunda lake, Oroblanco, likatoka 1980. Na hao wana ajira, mashamba, na mtu mwingine wa kuendelea akistaafu wa kwanza.

Ila stori ninayoipenda ni ya Dekopon. 1972 huko Nagasaki walimchukua yule Kiyomi (ambaye ni mama mzuri, mtoto mmoja kwa mbegu) wakamuoza na chenza la Ponkan. Tunda likatoka na kinundu kichwani, ganda la makunyanzi, uchachu mwingi, watafiti hawakulipenda. Wakulima wa mkoa wa Kumamoto wakalishika, wakagundua ukilichuma ukaliweka stoo wiki kadhaa uchachu unashuka na utamu unabaki, miaka ya 1990 likawa linauzwa kwa jina la Dekopon, na halipati hilo jina mpaka kipimo cha sukari kifike digrii 13. California likaingia sokoni 2011 kwa jina la Sumo, linauzwa ghali, na kile kinundu walichokiona kasoro ndo watu wanalitambulia. Kwaiyo shem, mti ukizaa mara ya kwanza tunda la ganda nene na kali usikimbilie panga kama mimi, matunda ya kwanza ya mti mchanga ni mabovu karibu kila mara, subiri msimu wa pili wa tatu, na jaribu kuliweka stoo.

Kuna lingine, pale pale Riverside, furungu tamu na chenza linaloitwa Frua. Chuo hakikuwahi kulitoa rasmi, limejaa mbegu. Watu wa mabustani wakalipata wakaligawana, wanaliita Cocktail, juisi yake wanasema hakuna mfano. Kwenye soko kubwa mbegu zinaua tunda. Kwa mtu anayeuza juisi ya glasi, mbegu zinabaki kwenye chujio, nani anaziona?

Kuwinda tawi geni

Hii njia hakuna anayeisifia na mi naona ndo inayowafaa watu wengi wa kwetu. Mti wa chungwa mara moja moja unatoa jicho lililobadilika lenyewe, tawi moja linazaa tofauti na mti mzima, nyama nyekundu, ganda la mistari, hakuna mbegu, linawahi au linachelewa. Ukilibebesha hilo tawi umepata tunda jipya, mti wake ni wa ukubwani tayari, miaka 3 unachuma. Hamna utoto wa miba.

Na usidhani ni matunda ya pembeni. Chungwa la kitovu linalojulikana dunia nzima ni tawi geni la Bahia, Brazil, miche miwili ikafika Riverside 1873 na mmoja bado uko hai mpaka leo wamejengea kibanda cha wavu. Cara Cara, lile la kitovu lenye nyama ya pinki, lilionekana kwenye shamba Venezuela 1976. Lile limau la majani ya kijani na nyeupe lenye ganda la mistari na nyama ya pinki ambalo shemeji alilionyesha kwenye simu, lilionekana kwenye mti wa kawaida wa limau la Eureka huko Burbank, California, mwanzoni mwa miaka ya 1930 hivi. Na mabalungi mekundu ya Texas ndo kabisa, balungi jeupe likatoa tawi la pinki, pinki likatoa tawi jekundu 1929, mti unapanda ngazi wenyewe, mtu kazi yake ilikuwa kuwa na macho tu.

Hapo ndo gharama yake ilipo, macho. Unahitaji miti mingi na mtu anayeiangalia wakati wa kuchuma. Ukiwa na miti 15 kama shemeji nafasi ni ndogo sana, ukiwa na ekari 20 au ukiwa dalali unayezunguka mashamba ya watu nafasi inakua. Mi ningekuwa Muheza ningewaambia wachumaji, yeyote atakayeniletea tunda la ajabu na akanionyesha tawi lenyewe anapata elfu 20, nadhani hiyo ndo taasisi ya utafiti ya bei rahisi kuliko zote.

Lakini uwe makini, mambo matatu yatakudanganya. La kwanza ni chipukizi la chini ya pale mti ulipobebeshwa, hilo sio tawi geni, ni limau kali limeamka, kila mwaka kuna mtu anafurahia hilo. La pili ni majani ya madoa ya njano. Mti ukikosa zinki majani yanakuwa ya njano katikati ya mishipa, yanapendeza kweli, upande huu na huu vinafanana, ukiweka mbolea ya zinki urembo unaondoka. La tatu ni baya, madoa yasiyofanana upande na upande, matunda madogo yamepinda upande mmoja, mbegu zimesinyaa, huo ni ugonjwa wa kijani wa michungwa, hauna tiba, na ukichukua macho ya hilo tawi ukabebesha shamba zima umejiua mwenyewe na majirani.

Likipita hayo matatu, funga utepe, angalia misimu miwili, bebesha macho kama kumi kwenye mashina ya limau, na uone kama miche yote inazaa lile geni. Mengine yanarudi yalikotoka. Lile limau la mistari mpaka leo linatoa matawi ya kijani kitupu na ukiyaacha yanameza mti, inabidi ukate kila mara.

Kwa wabebeshaji kuna stori moja ya pembeni. Florence huko Italia, karne ya 17, kwenye mti uliobebeshwa likatoka chipukizi pale kwenye kiungo chenyewe, nyama za danzi na za sitroni zimechanganyika kwenye tawi moja, tunda upande huu danzi upande ule sitroni kama nguo ya viraka. Wanaliita Bizzarria, walidhani limepotea likaja kuonekana tena karne ya 20. Kwaiyo yale machipukizi ya kwenye kiungo tunayoyakwangua kwa kisu bila kuyaangalia, angalau moja moja yaangalie.

Mionzi na maabara

Hapa ntapita haraka maana sio kazi ya mtu mmoja. Unachukua macho au mbegu unapiga mionzi ya gama, unabebesha mamia, unatafuta iliyobadilika vizuri. Star Ruby, balungi jekundu kuliko yote ya wakati wake, ilitoka kwenye mbegu zilizopigwa mionzi Texas 1959 ikaachiwa 1970, na mti wake mpaka leo ni mdhaifu mdhaifu. Rio Red ikafuata 1984. Chenza la Tango la Riverside, 2006, ni chenza lililokuwa zuri tayari lenye tatizo la mbegu likipandwa karibu na wenzake, macho yakapigwa mionzi, mbegu zikaisha, utamu ukabaki.

Unaona hapo mionzi inafanya nini, mara nyingi inaondoa, haiongezi. Kama una tunda tayari na kasoro yake ni moja tu, hasa mbegu, ni njia nzuri na FAO (shirika la chakula na kilimo) na shirika la nguvu za atomiki la Umoja wa Mataifa wana maabara Austria wanaosaidia nchi wanachama, ila unaingilia kupitia taasisi ya nchi yako na barua, huendi na kikapu chako cha vikonyo (vijiti vyenye macho ya kubebesha). Kama hata tunda la kuanzia huna, mionzi ya nini?

Njia ya maabara ya kuondoa mbegu ni ile ya seti tatu, mama wa seti mbili na baba wa seti nne, mtoto anakuwa na tatu hazai mbegu. Oroblanco ilipatikana hivo. Hiyo ya seti nne huwezi kuipata dukani. Ila kuna kajanja kadogo, ukichavusha mama wa mtoto mmoja ukakuta ndani ya tunda kuna vimbegu vidogo sana katikati ya mbegu kubwa, usivitupe, wengi wa hao wadogo ni wa seti tatu walioingia kwa bahati. Vinaota kwa shida, maabara wanavikuza kwenye chupa, we vioteshe kwa uangalifu tu, kikiota kimoja una uwezekano wa tunda lisilo na mbegu ambao wenzako wameutumbukiza kwenye ndoo ya takataka.

Kununua tayari

Kuna wanaosema mi sitaki kusubiri, nanunua mche wa Cara Cara au limau la pinki naingia sokoni. Sawa, kwa mteja wa mjini ni kitu kigeni hata kama sio chako, na kwa pesa ya haraka hii inashinda zote tatu. Ila nunua ukiwa umeliona tunda la mti mama kwa macho yako. Kuna kitalu kimoja kiliniuzia "Cara Cara", jicho lilishakufa zamani, nilichokimwagilia miaka mitatu kilikuwa shina la limau kali. Na ukitaka kitu cha nje, ile ndimu kidole ya Australia kwa mfano, usifiche vikonyo kwenye begi la safari. Kale kadudu ka Asia kanakosambaza ugonjwa wa kijani kameshaonekana Tanzania na Kenya, hatuhitaji mzigo mwingine, omba kibali TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, wale wa afya ya mimea.

Hali ya hewa inachagua kabla yako

Hapa ndo nilibishana na shemeji nusu saa nzima. Yeye alitaka tunda la ganda jekundu au la chungwa kali linalong'aa. Muheza? Chungwa la pwani linaiva likiwa kijani, usiku wetu hauna ubaridi wa kulibadilisha ganda, kila mtu wa Tanga anajua chungwa la kijani ndo tamu, mgeni tu ndo analikataa. Kwaiyo rangi ya ganda futa kwenye hesabu.

Nyama ya ndani nayo sio nyekundu zote sawa. Yale machungwa ya damu ya Sicily yanahitaji usiku wa baridi kuiva damu, ukiyapanda pwani yanatoka ya njano kama chungwa lolote. Lakini wekundu wa balungi, wa furungu la pinki na wa Cara Cara ni rangi ya aina ile ya nyanya na tikiti, hiyo haihitaji baridi, Texas kuna joto kali na ndo kwao. Ukiwa pwani fuata wekundu huo, umbo, ukubwa, harufu, utamu usio na uchachu. Ukiwa Lushoto au nyanda za juu za Kenya unaweza kucheza na ganda na machungwa ya damu, ila ujue ule ugonjwa wa kijani wa kiafrika na mdudu wake wanapenda baridi hiyo hiyo unayoipenda wewe. Hamna mahali pa bure.

Kwa wazazi sasa. Wa pwani mwenye furungu zuri, hasa la nyama ya pinki, aliweke kama mama na baba awe chenza tamu lenye kumenyeka, watoto wanakuwa wakubwa, ganda linamenyeka kiasi, kila mmoja ana sura yake, na mbegu utazikuta nyingi. Wa kibarazani kwenye ghorofa Nairobi mwenye ndoo tano, aache furungu, mti ni mkubwa mno, achukue kumkwati na ndimu, miti midogo na hata limkwati zinawahi kuzaa, shida ni kwamba watoto wengi watakuwa kopi itabidi awachambue kwa majani toka wadogo. Ukiniuliza raha iko wapi ntakwambia furungu, ila mi sikai ghorofani.

Kwa pesa na muda sasa

Kuchavusha kunagharimu karibu bure mwanzoni, brashi na vifuko, alafu kunakula miaka. Kila mche ni bahati nasibu, hao wa Riverside na Japani wanapanda mamia ili wachague mmoja, we ukipanda 30 uwe na moyo kwamba labda hakuna hata mmoja. Lakini ndo njia pekee inayokupa kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Tawi geni linakupa ndugu wa tunda lile lile lenye jambo moja tofauti, haraka na kwa uhakika, ukilipata, na kulipata hakuna ratiba. Mionzi ina pesa na makaratasi. Mwenye umri wa miaka 30 na nafasi, achavushe. Mwenye miaka 60 na shamba kubwa, atembee na utepe shambani, asianze mbegu labda anaanzia wajukuu. Mwenye mkopo wa benki asianze chochote kati ya hivi.

Ukilipata kweli, Tanzania kuna sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu ya 2012, mti unaweza kulindwa miaka 25, ila tunda lazima liwe tofauti, lifanane mche kwa mche, na lisibadilike, ndo maana nasisitiza bebesha kumi uangalie kabla hujamgawia mtu kikonyo. Ukishamgawia jirani mmoja wilaya nzima inacho.

Shemeji ana miaka 34, miti 15 mizee na furungu mbili za pinki nyuma ya jiko ambazo mama yake alitaka zikatwe kwa sababu zinaziba jua la kuanikia nguo. Nikamwambia chavusha, na wachumaji wa jirani wape ile ofa ya elfu 20. Mvua zilipoanza akafunga maua 22 kwa vipande vya chandarua cha zamani, baba ni chenza la kule kwa mjomba wake, wiki iliyopita kayahesabu yamebaki 6 yameshika ukubwa wa gololi. Mama yake bado hajafurahi na kamba ya nguo kahamishia kwenye mti wa pili, ule wenye vifuko viwili, na mi nimeshamwambia shem hivo vifuko avisogeze yeye kwa heshima, asije akamgombeza mama kwa ajili ya chenza.